Geuka Robo

Saa tisa za usiku tanuri la kwanza linawashwa,
nami naingia na kopo langu la chakula:
gramu mia na hamsini za kifua cha kuku,
wali wa kupimwa, brokoli iliyokufa mara mbili.
Nje, Miskolc imelala chini ya theluji.
Ndani, maandazi mia nne ya jamu
yanavimba taratibu, yakinitazama.

Wiki ya kumi na nne. Zimebaki mbili.
Haba na haba hujaza kibaba, wanasema;
changu mimi kinapunguzwa haba na haba,
mpaka begani ukajitokeza mstari
ambao kwa miaka arobaini na moja
niliubeba bila kujuana nao.

Nilianza kwa sababu ya gunia.
Gunia la unga, kilo hamsini;
Mihály alilitoa mikononi mwangu bila kuniuliza.
"Acha, mama," akasema.
Si mwanangu, Mihály. Ana miaka ishirini na mbili na chunusi.
Jioni ile nilishuka ngazi za jumba la wafanyakazi,
kule chini baba zetu walikocheza chesi
siku za kiwanda cha chuma.
Kiwanda kilifungwa. Chuma kilichobaki mjini
ni hiki cha kunyanyua na kurudisha palepale.

Bi Piroska Vadász, magoti yameisha,
mbegu za alizeti shavuni,
alinitazama kama mtu anunuaye farasi.
"Kunyanyua ni nusu," akasema. "Nusu ya pili ni kusimama.
Misuli usiyojua kuionyesha ni pesa ndani ya godoro."
Nikajifunza kusimama, basi, mimi niliyesimama kazini maisha yangu yote:
kisigino hapa, nyonga pale, mbavu juu,
tanua mgongo, pumua bila kuonekana unapumua,
na tabasamu, Emőke, tabasamu,
siyo hilo, hilo ni la mteja anayedai chenji.

Mama alishona shanga za bikini,
mia tatu na kumi na mbili, miwani juu ya miwani.
"Kitambaa cha leso," akanung'unika, "kazi ya pazia."
Hakuuliza nitaivaa mbele ya nani.
Alikata uzi kwa meno.

Debrecen, ukumbi wa michezo, Jumamosi.
Wanatupaka rangi kwa brashi pana, mikono juu, kama milango.
Tangu alfajiri nimekunywa funda moja la maji.
Msichana wa Szeged ananiazima gundi
ili nguo isinihame jukwaani;
mikono yake inatetemeka kuliko yangu,
tunacheka, midomo imekauka, inauma kucheka.
Nambari ishirini na saba. Taa.
Geuka robo, kulia.
Geuka robo, kulia.
Sasa ukumbi wote uko nyuma yangu
na mgongo wangu, ambao nimeuona kwa vioo viwili tu,
ni wao, si wangu.
Baba alisimama mbele ya chuma kinachochemka
miaka thelathini na mmoja.
Mgongo ule haukubandikwa nambari. Nani aliuhesabu?
Nikatanua. Paja la kushoto likaanza kucheza lenyewe,
nikaliacha licheze.

Wa tano kati ya sita.
Jaji mmoja, mpole, kalamu sikioni:
"Mabega unayo. Rudi na mapaja."
Nyuma ya pazia nilikula andazi nililolioka mwenyewe,
nimesimama, sikulipima,
na jamu ikanimwagikia kwenye rangi.

Jumatatu, saa tisa za usiku.
Kiganja changu kimeacha alama ya kahawia kwenye unga,
meneja amenipa glavu za wiki nzima.
Gunia liko mlangoni. Nimeliinamia,
na mwili, uliokaushwa kwa miezi, umekataa.
Kilo hamsini zimenicheka.
Mihály amesimama, mikono mifukoni.
"Nishike?" ameuliza.
Ameuliza.
"Shika upande huo," nikamwambia, "na ukunje magoti, siyo kiuno."