Sita au Nane

Ulisema sita. Mimi niliona nane.
Nikanyamaza, kwa kuwa miaka thelathini na moja
imenifunza kwamba usukani ukiwa mkononi mwako
neno langu ni mvua juu ya bahari.

Kisha mkuku ukagusa.
Si kishindo, Wybren. Ni kama mtu
anayeketi polepole kwenye kiti asichokijua.
Glasi ziliteleza kabatini, tanga likaendelea kuvuta
kama ng'ombe asiyejua kamba imekwisha,
na boti yenye jina la mama yako
ikakaa kitako mchangani, saa saba mchana,
maji yakitoka.

Laiti yangekuwa yanaingia!
Kwenye Bahari ya Wadden hata mtoto wa chekechea anajua:
ukikwama maji yakijaa, teleka chai;
ukikwama yakipwa, tandika kitanda.

Hatukutandika. Tulishusha matanga.
Ukarudisha injini nyuma, ikakoroga tope,
ikatapika uji wa kijivu, ukaitukana kwa Kifrisia,
lugha unayoiweka kwa ajili ya ng'ombe na mashine.
Nikapanda boriti ya tanga, ukanisukuma nje juu ya maji
nining'inie kama kapu la nguo,
boti iiname, mkuku uchomoke.
"Ongeza uzito!" ukapaza sauti.
Mke gani huambiwa hivyo asicheke?
Nilicheka. Hukucheka.
Boti haikusogea hata unyayo.

Ikabaki nanga.
Niliipakia kwenye kidau cha mpira,
kilo kumi na mbili za chuma mapajani,
nikapiga kasia hadi pale maji yanapoiva na kuwa meusi,
nikaitosa.
Kamba ikanyooka kati yetu.
Kwa mbali ulikuwa mdogo, umeshika ncha yako,
na hukuwa ukinitazama.
Ulitazama kando yangu kidogo,
kana kwamba kuna mwanamke mwingine kidauni.

Husemwa manahodha wengi, chombo huenda mrama.
Sisi tulikuwa wawili tu:
mmoja haoni,
mwingine hasemi.

Kufikia saa kumi na moja bahari ilikuwa imehama na vyombo vyake.
Boti ililala ubavu, nasi tukala mkate na heringi
miguu ikiwa ukutani.
Sili walikoroma fungu la pili.
Nilishuka na kikwangulio, nikaanza kubandua kome kwenye mkuku
(kazi ni kazi, na mkuku hauonekani kila siku),
nikakuuliza bila kugeuka:
"Tangu lini?"

Hukusema, tangu lini nini. Hapo nikaogopa.
"Tangu Pasaka," ukasema. "Pembeni naona.
Katikati pana doa, kama mafuta kwenye karatasi."
"Na bado unashika usukani."
"Njia hii naijua kwa moyo."
"Mafungu huhama, Wybren."

Ukakaa kimya. Ulichora kitu mchangani kwa kidole cha mguu,
ukakifuta.
"Kule kidauni," ukasema, "nilitazama kando ili nikuone.
Nikikutazama sawasawa, Hiske,
hupo."

Niliendelea kukwangua. Nilikwangua hata pasipo na kome.

Maji yalirudi kama paka aliyefukuzwa,
akipita pembeni, akijifanya hakuondoka.
Saa tatu usiku, jua la Juni likiwa bado lina neno la kusema,
boti ilitikisika, ikajikuna, ikainuka.
Ulizungusha winchi, kamba ikalia, ikaleta pima moja, pima mbili,
na mchanga ukatuachia bila kuaga.

Usukani nilikuwa nao mimi. Hatukupeana;
nilisimama tu pale, nawe ukaenda mbele.

"Boya gani hilo?"
"Nane."
"Nilisema sita."
"Ulisema sita."

Ukaikunja kamba, duara juu ya duara,
tope likidondoka kwenye viatu vyako,
kila duara sawa na mwenzake,
bila kuitazama,
kama ulivyoikunja siku zote.