Hesabu ya Mkono wa Kushoto

Leva mia sita na arobaini.
Nimezigeuza kuwa mikate, maana ndiyo fedha ninayoielewa:
mikate mia tatu na ishirini,
bila kuhesabu gesi, wala chumvi, wala mgongo wangu.

Zlatina aliinunua kwa mkopo wa miezi kumi na sita,
akanifunga mkononi kama mtu anayemvisha mbuzi kengele.
"Rahisi ghali," akasema.
Nikamuuliza: na ghali je, huishia wapi?
Akaenda kuanika nguo.

Usiku wa kwanza tanurini, nyuma ya stesheni ya Plovdiv,
saa ilinitetemekea saa nane:
Ni wakati wa kulala.
Magunia sita yananitazama.
Alfajiri ikanipongeza, ikachora fataki kabisa:
hatua elfu kumi na tisa!
Elfu kumi na tisa, bwana,
ndani ya chumba cha hatua tisa,
meza, tanuri, meza, tanuri,
ngamia wa kinu aliyefungwa macho.

Mchana nikilala, inaandika:
usingizi hafifu, alama thelathini na nane.
Macho yangu yamenieleza hayo bure
miaka ishirini na sita.

Shemeji Ognyan huvaa ya leva kumi na tano, ya mnadani,
mkanda umekatika, kaushika kwa waya.
"Yangu inasema ni saa ngapi. Yako inasema nini cha zaidi?"
Sikuwa na jibu.
Nilikuwa na deni.

Halafu Alhamisi ile ya Februari,
barafu imepanda hadi ngazi ya tatu,
mikono yangu imezama kwenye kinyunga,
saa nimeisukuma juu karibu na kiwiko,
ikatetemeka: Bilyana. Kutoka Burgas. Saa tisa na robo usiku.
Kidole kimoja hakivunji chawa;
vyangu kumi, vimejaa unga, havikuweza kupokea simu.
Nikapokea kwa pua.
Mkwe akasema neno, sikulisikia,
kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kilio
chembamba, kipya, chenye hasira,
cha mtu aliyeamshwa kabla ya zamu yake.

Je, simu ya ukutani isingefanya hivyo?
Ingefanya. Ingelia mpaka ninawe mikono,
na mtoto angesubiri; wa siku ile haendi popote.
Ognyan kaniambia hivyo hivyo kesho yake, na ana haki.
Dakika mbili ni mikate mingapi?
Sijui. Bado nadaiwa miezi kumi na mmoja.

Ila usiku ule, simu ilipokatika,
nilisimama tu, vidole vinadondosha,
saa ikawaka tena, kioo kina alama ya pua yangu:
Mapigo yako yamepanda, mia moja ishirini na sita.
Hujasogea.
Je, unafanya mazoezi?

Vitufe viwili.
Nikainama,
nikabonyeza Ndiyo.