Kata ya Tatu

Alasiri imelegea, mfereji umeshakata.
Maji ya leo ni haya: ndoo moja na nusu.
Nimeyaanika juani tangu adhuhuri,
yamepata uvuguvugu wa uji uliosahauliwa.
"Shaame, njoo ukoge."
Kimya.
Miguu miwili ya udongo mwekundu
inachungulia uvunguni mwa kitanda.

Mama yake yuko zamu, hospitali ya Wete.
Kaniambia mlangoni, kiatu kimoja mguuni:
"Usimmwagie kwa kumshtukiza."
Nami jana nilimmwagia,
mbio mbio, mpira unaanza redioni.
Povu likamwingia machoni, akalia
hata Bi Mgeni akauliza ng'ambo ya ukuta:
"Kulikoni huko, mwachinja?"

Leo nimelala kifudifudi sakafuni,
tunatazamana, yeye na mimi,
na kandambili iliyopotea tangu Mfunguo Mosi.
"Maji siyaogopi," asema. "Naogopa sabuni."
Miaka minne nyumba moja,
sikuwahi kumuuliza.

Nikavua shati, nikachutama uani
kwenye jiwe la kukogea, nikampa kata.
"Nianze mimi. Hesabu, kisha mwaga."
Ya kwanza ikaenda sikioni.
Ya pili ikawapata kuku.
Ya tatu nikaziba macho kwa viganja,
nikainua uso juu, taratibu, aone,
maji yakanishuka mgongoni
nikapiga ukelele wa uongo
naye akacheka mpaka akakaa topeni.

Akashika dodoki, akalipaka sabuni ya mche,
akanisugua goti moja, lile lile, hata likawaka.
"Baba, nyuma ya sikio wafuga mihogo."
Maneno ya mama yake hayo,
hata ile pumzi kabla ya "mihogo" ni yake.

Kisha, bila kuitwa: "Zamu yangu."
Viganja machoni, kidevu juu,
"Moja… mbili…"
hapo akakumbuka kuwa jogoo hakogi,
akataka kujua kwa nini,
nami kata i juu, mkono unatetemeka,
nangoja tatu.
Ilikuja.
Hakulia.

Akatoka mbio kumwonesha Bi Mgeni masikio.
Vyombo vya mchana vitangoja mfereji, saa nne usiku.
Akarudi. Miguu ile ile, myekundu.
Sikusema kitu:
chini ya kifuniko nilikuwa nimeficha kata moja.
Nilimjua.