Daftari la Majina

Zamani tulipangisha vyumba tu:
mteja alete picha zake, bei zake,
sisi tumwekee kabati, taa na ulinzi wa usiku.
Jina, tulimwambia, kalitafute mbali,
kwa kadi ya dola, kwa watu wasioijua Wete.

Bi Zuwena wa halua alilipiwa na mpwawe aliyeko Maskati.
Mwaka wa tatu mpwa akaoa, akasahau.
Asubuhi moja, kibao kile kile, mlango ule ule,
ndani wanacheza kamari.
Alipanda ngazi zetu akihema, samli mikononi:
"Nimekuwa nani mie leo?"

Hatukuwa na jawabu. Tulimpa kiti.

Ndipo Shaame akawa mtu wa Unguja na kurudi,
barua, ada, muhuri,
miezi minane ya "njoo Jumatatu",
hata juzi, saa nne, umeme upo,
tukafungua daftari letu wenyewe:
jina kwa shilingi, kwa risiti,
na mtu wa kumgombeza likipotea.

Wa kwanza alikuwa yeye. Lile la zamani halikurudi.
Akataja la mamaake, Kazija, herufi sita.
Nikabonyeza. "Halina mwenyewe," nikasema.
"Lina mwenyewe. Kalala Kizimbani."

Nikainamisha kichwa.
"Ni la mwaka mmoja, Bibi. Kisha unalipia tena."

Alinitazama kitambo.
Akafungua fundo la kanga,
akahesabu noti za miaka kumi,
moja moja,
kila moja ikinata.