Biuki na Kiberiti

Baba alisema gari ni lile
ambalo ukibamiza mlango, jirani anageuka.
Biuki yake ya mwaka hamsini na tisa
ilimeza nafasi mbili za maegesho pale Borlänge,
na petroli kama mlevi wa Ijumaa.
Siti ya nyuma tulilala watoto wanne,
miguu ya Ylva usoni pangu.

Changu mimi ni kigari cha umeme,
kimya kama paka aliyeiba.
“Kiberiti hicho,” alinicheka, “utakivaa au utakipanda?”

Leo, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
Biuki imegoma, na hospitali haingoji.
Nimemfungulia mlango,
yeye aliyezoea kuinamia milango ya watu:
akaingia wima, akakaa,
goti halikugusa kitu.

Ndipo nikajua
ni nani aliyepungua.