Kijitabu cha Chumba cha Kumi na Nne

Mgeni wa chumba cha kumi na nne aliacha soksi moja
na kijitabu cha rangi: Tobago, ya kuona na ya kufanya.
Soksi niliipeleka mapokezi.
Kijitabu nilikizungushia kanga, nikakisukuma chini ya begi,
nikaomba likizo yangu, siku kumi na nne nazo,
nikashuka Hombolo na vumbi la Agosti kwenye nyusi.

"Tobago," akasema mama. "Kwenye tumbaku?"
"Kisiwani, mama. Ng'ambo ya bahari ya pili."
"Haya, soma."

Kiingereza changu ni cha mashuka na taulo.
Nikasoma nikichechemea.
Kuna mashua, sakafu yake kioo,
unakaa, unawaona samaki chini ya nyayo zako.
Mama akaacha kupepeta uwele.
"Na samaki wakitazama juu?"
Hilo hawakuandika.

Kuna viti vya kukodi ufukweni.
"Kukaa kunalipiwa?"
Kunalipiwa. Na mwavuli mbali.
Akacheka hadi akashika ubavu,
akamwita Ndahani wa jirani aje asikie mwenyewe,
nikarudia: kiti peke yake, mwavuli peke yake.

Kwenye mbio za mbuzi hakucheka mtu.
Mbuzi, kila mmoja na kamba yake,
na mtu wa kaptura nyeupe akimkimbilia nyuma,
watazamaji wamejaa hadi kwenye uzio.
Ndahani akataka kujua ni beberu au majike,
wanalishwa nini,
na aliyeshinda anachinjwa au anaachwa.
Wakabishana mpaka mlenda ukashika chini ya sufuria.

Kesho yake tukashuka bwawani.
Nilibeba vigoda viwili, vya bure.
Upepo ule wa kupasua midomo.
Vijana walikuwa wanaparua perege juu ya mfuko wa saruji,
magamba yanawaganda mikononi.
Mama akavua ndala, akatia miguu,
akachota kiganja, akaonja.
"Yana chumvi kidogo."
Akakaa kama aliyelipia.

Nikamsomea ukurasa wa mwisho, wa kasa:
kobe wa baharini, mkubwa kuliko meza yetu,
hutoka usiku, hupanda pwani ileile alikoanguliwa,
huchimba, hutaga, hufukia, hurudi majini.
"Kila mwaka?"
Nikatafuta mstari kwa kidole.
Baada ya miaka miwili. Au mitatu.
"Kama wewe," akasema,
wala hakuniangalia,
alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu
jinsi maji yalivyovikuza.

Usiku nilikikuta kijitabu chini ya taa ya sola.
Ukurasa wa bei za vyumba ameuchana,
amefungia ugoro.
Wa mbuzi ameubandika ukutani kwa ugali.
Wa kasa sikuuona,
na sikuuliza.