Thumni ya Mama

Sahani ya Kichina tuliijua bei.
Mthamini aliigonga ukingoni kwa kidole, ikalia,
akasema elfu arubaini, pamoja na ufa wake.
Lakini hiki, kilichotoka ndani ya debe la mchele la marehemu,
kimeviringwa kikoi kilichoganda mafuta,
hiki nacho cha Kichina,
nyota mpinini, herufi ubavuni kama vijumba vya mchwa,
hiki karani wa kadhi alikitazama
akafunika kalamu.

"Kila alichoacha maiti kina bei," akasema kakangu Shekuwe.
Akakitia kikapuni chini ya mchicha,
tukashuka Langoni kwa Jamnadas sonara.
Mizani yake haijapata kubeba ila pete na vipuli.
Gramu mia nane hamsini na nne.
"Ingekuwa dhahabu," alisema, akinawa mikono,
"mngekuwa matajiri. Sasa mna chuma.
Piteni mlango wa nyuma."

Kijana mmoja, jina silitaji, alitaja laki.
Hakuuliza kama kinafyatua.
Aliuliza nani mwingine amekiona.

Usiku kucha Shekuwe akapiga hesabu:
lake mafungu mawili, langu moja,
na thumni ya mama,
thumni, kama ile tuliyotumwa nayo kashata.

Mimi nikafungua madaftari ya duka.
Mwaka wa tisini na moja, mwandiko wa baba,
wino umegeuka rangi ya chai:
Nuriya, wa Kismayu. Maziwa ya unga, makopo sita.
Rehani: chuma kimoja. Atarudi.

Atarudi. Baba hakuandika "akirudi."

"Rehani si mirathi," karani akasema, akafunua kalamu.
"Mnachorithi ni deni."

Kituoni walitupa risiti: bastola moja, ya Kichina.
Penye thamani wakapiga mstari.

Shekuwe alitoka bila kusema, akasimama juani.
Mama aliishika risiti mbali na macho, kisha karibu.
Mtoto yule, akauliza, sasa ana miaka mingapi,
kama maziwa yalimfaa?
Hakuna aliyemjibu.
Akahesabu kwa pingili za vidole,
makopo sita, ugawe kwa nane,
akarudia, asije akamdhulumu mtu,
akasema:
robo tatu ya kopo nimemsamehe.
Yenu, shauri yenu.